Mamangu katolewa mtoto wa jicho, nna chupa tatu mezani na kila mtu ananambia lake

#1 · BintiKibokoni · Jumapili, saa nne usiku

Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Nnaomba msaada wa waliopita njia hii.

Mamangu ana miaka 71 na sukari yake ni ya miaka mingi. Jumatano iliyopita alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Aliingia saa tatu asubuhi, na adhuhuri haijaadhiniwa tushakuwa kwenye tuktuk twarudi Mji wa Kale, hapa Mombasa. Kesho yake alipofunguliwa bandeji akatazama ukuta wa kliniki akaniuliza, "Kumbe hii rangi ni nyeupe?" Tulipofika nyumbani akaanza kutuonyesha madoa ya ukungu darini ambayo sisi tulidhani hayaoni. Sasa anataka fundi wa rangi kabla ya Idi.

Shida ni dawa. Tumetoka na chupa tatu. Ya kwanza ni antibiotiki, mara nne kwa siku kwa wiki moja. Ya pili ni prednisoloni, nyeupe kama tui, mara nne kwa siku wiki ya kwanza, kisha mara tatu, mara mbili, mara moja, kila wiki yapungua. Ya tatu ni ketorolaki, mara nne kwa siku, wiki nne nzima. Hiyo ya tatu ndiyo fitina. Mama yuwasema yamchoma kama pilipili mbichi, na kila saa yake ikifika ghafla ana usingizi au yuko uani aanika nguo.

Khalati yangu kasema mbili zatosha, ya tatu iachwe. Jirani naye kasema ya kuachwa ni ya pili, kwani "steroidi hula macho". Kakangu yuko Dubai, kazi yake ni kutuma sauti za WhatsApp. Kwenye kadi ya kliniki hiyo ya pili na ya tatu zote zimeandikwa ni za uvimbe. Kwa nini dawa mbili za kazi moja? Na kama ni lazima kuacha moja, ni ipi?

#2 · Chumvi_na_Ndimu · Jumapili, saa tano kasorobo usiku

Pole dada. Sisi nyanya yetu alitiwa asali mbichi na maji ya waridi, akaona vizuri mpaka kufa kwake. Hizo za hospitali punguza tu.

#3 · SistaMstaafu · Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi

Chumvi_na_Ndimu, asali mwekee nyanya kwenye chai. Jicho lililokatwa juzi haliingizwi asali, wala maji ya waridi, wala maziwa ya mama anyonyeshaye, wala wanja hata ukiwa umetoka Makka. Kidonda hakijafunga na vitu hivyo havikutakaswa. Tena kuna wanja na surma zenye madini ya risasi ndani yake. Nimefanya kazi ya macho hapa Pwani miaka mingi, na nimeona jicho lililopasuliwa vizuri kabisa likapotea kwa tone moja la kienyeji. Si mara moja.

Mwanangu BintiKibokoni, nikujibu sasa. Hutaacha hata moja.

Watu wengi hudhani mtoto wa jicho ni ngozi iliyoota juu, ikikwanguliwa basi kazi imekwisha. Siyo. Ni lenzi yenyewe, iliyo ndani nyuma ya mboni, imegeuka ukungu. Daktari hukata mlango mdogo pembeni mwa jicho, huitoa lenzi ile, na ndani ya kifuko chake hupachika lenzi ya kutengenezwa. Mama haoni mshono na hasikii maumivu, basi anaona ni kama kutoa kibanzi. Lakini ndani ya jicho mmeingia chuma, mmepita maji, kumevurugwa. Mwili hujibu jeraha hilo kama unavyojibu jeraha lolote: hutoa kemikali za kuvimbisha. Mojawapo huitwa prostaglandini.

Uvimbe wa mbele ya jicho utauona: wekundu, mwanga kuumiza. Ule wa nyuma huuoni. Prostaglandini zikifika kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, pale katikati panaposomea, mishipa huvuja na maji hujikusanya. Hapo ndipo mtu aliyeona vizuri wiki ya kwanza anakuja wiki ya tano anasema, "Sista, herufi zimepinda." Mara nyingi huja wiki ya nne hadi ya sita, wakati watu washasahau kuwa walipasuliwa. Na wanaoandamwa nalo zaidi ni wenye sukari, kama mamako.

Ndiyo maana dawa ni mbili. Steroidi, yaani hiyo prednisoloni, hufunga bomba kubwa pale maji yanapoanzia, hutuliza mambo mengi kwa pamoja. Ketorolaki ni ya ukoo wa diklofenaki na ibuprofeni, haina steroidi ndani. Yenyewe hufunga mfereji mmoja tu, ule wa prostaglandini. Zikitumika pamoja, nyuma ya jicho hulindwa zaidi kuliko ikitumika moja. Anayekwambia mbili ni kazi moja hakukosea sana, ila kazi yenyewe ina milango miwili.

Kuhusu kuchoma: ketorolaki huchoma, ndiyo tabia yake. Kuchoma kwa nusu dakika au dakika, kisha kukatulia, hakuna neno. Kuchoma kunakozidi siku hadi siku, au jicho likawa jekundu zaidi ya jana, au macho yakawa makavu kama yana mchanga, hapo mpigie simu daktari aliyempasua. Yeye anaweza kubadilisha aina, ziko nyingine kama nepafenaki. Abadilishe yeye lakini, si khalati. Nisalimie khalati.

#4 · Mfamasia_Majengo · Jumatatu, saa nne asubuhi

Sista kamaliza, mimi naongeza ya kwenye kaunta.

BintiKibokoni, kabla ya yote: mama ana pumu? Amewahi kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya aspirini, diklofenaki au ibuprofeni? Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda? Ana baridi yabisi ile ya viungo? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote, na daktari hakuambiwa, mwambie leo. Tone la jichoni ni dogo lakini hufika mwilini, na pumu inayochokozwa na aspirini inaweza kuchokozwa na ketorolaki pia.

La pili. Hiyo ya rangi ya tui ni dawa ya kutikisa. Prednisoloni haikuyeyuka, ni unga ulioelea kwenye maji, ukiiacha hutuama chini. Usipotikisa, wiki ya kwanza mama anatiwa maji matupu, na wiki ya mwisho, wakati anatakiwa apunguziwe, anapata unga mzito. Watu hunirudia wakisema dawa haifanyi kazi, nikiitazama chupa naona tope nyeupe limelala kitako. Tikisa vizuri kila mara. Ketorolaki ni maji safi, haihitaji.

La tatu ni tone moja. Si mawili "kwa uhakika". Tone la chupa ni kama maikrolita 40 hadi 50, na jicho halibebi zaidi ya 30 hivi, kwa hiyo hata hilo moja linamwagika kidogo. La pili unalitia shavuni. Chupa ya mililita 5 ina matone kama 100. Hesabu ya prednisoloni aliyopewa mama ni 28, 21, 14 na 7, jumla 70. Chupa moja yatosha na kubaki. Ketorolaki mara nne kwa siku 28 ni 112, hiyo huenda ukahitaji ya pili. Kama prednisoloni imekwisha wiki ya pili, jua mnaogesha shavu.

Namna ya kutia: nawa mikono, mama aegemee kiti atazame dari (ule ukungu wake), vuta kope ya chini iwe kama kikombe, dondosha bila ncha ya chupa kugusa jicho wala kope. Afumbe polepole, asikaze, asipepese. Kisha kwa kidole safi bonyeza kile kipembe cha ndani, karibu na pua, kwa dakika moja au mbili. Hapo pana kitundu kinachopeleka machozi puani na kooni. Ukikibonyeza, dawa hubaki jichoni na ule uchungu wa kooni haupatikani. Subiri dakika tano kabla ya chupa nyingine, la sivyo ya pili inaisafisha ya kwanza.

#5 · BintiKibokoni · Jumatatu, saa nane mchana

Jazakumullahu kheri nyote. Pumu hana. Aspirini ya mtoto hutumia kwa moyo, sikujua kama ni jambo la kusema, nimempigia simu daktari, kasema aendelee nayo na amejua. Chupa nimeitikisa, wallahi ilikuwa na tope chini. Siku nne zote hatukuitikisa hata mara moja.

#6 · Ummu_Salma · Jumatatu, baada ya magharibi

Na mimi nichomeke swali. Babangu anapasuliwa karibu na Ramadhani. Matone hayo yafunguza? Yeye kashasema afadhali jicho lingoje mpaka Shawwal. Na udhu je?

#7 · Mwanafunzi_wa_Maalim · Jumatatu, saa tatu usiku

Hapa pwani wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi jicho si tundu lililo wazi la kufikisha kitu ndani, basi matone hayafunguzi, kama wanja usivyofunguza, hata ladha ikisikika kooni. Na walipokutana wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi, Jeddah, mwaka 1997, waliweka matone ya macho katika visivyofunguza, iwapo mtu hamezi kinachofika kooni. Baba asiahirishe kwa sababu hiyo. Kwa udhu, maji yasifike jichoni muda ambao daktari kakataza. Amwendee maalim wake amweleze hali ya jicho, kwani sheria ina nafasi kwa mwenye jeraha. Sijida pia aulize. Wengine huambiwa wasali kwa kiti siku za mwanzo.

#8 · Mfamasia_Majengo · Jumatatu, saa tatu na nusu usiku

Na ile ya kubonyeza kipembe cha pua inamfaa mfungaji mara mbili. Mwenye sukari, hata hivyo, habari ya kufunga ni mjadala mwingine na daktari wake, si wa matone.

#9 · Nahodha_Mtongwe · Jumanne, saa moja asubuhi

Nimesoma yule jirani aliyesema steroidi hula macho. Nataka kusema jambo, kwani mimi ndiye ninayetolewa mfano mtaani.

Nilipasuliwa jicho la kushoto miaka mitatu nyuma. Nikapewa deksamethasoni, nayo ni steroidi, nikaambiwa wiki nne na kurudi kliniki mara mbili. Mara ya kwanza nilirudi. Mara ya pili samaki walikuwa wengi, ilikuwa kaskazi bahari imetulia, nani aache mashua? Jicho lilikuwa zuri. Dawa ilipokwisha likawa jekundu kidogo, nikaenda duka la dawa na chupa tupu, nikasema nipe kama hii. Akanipa, hakuniuliza hata jina. Jicho likatulia. Nikiacha, jekundu. Nikinunua, laini. Nikawa kama mtu wa miraa. Nilikwenda hivyo miezi mitano.

Hakuna kilichouma. Hilo ndilo nataka mlisikize. Siku moja natia nanga, mwanangu akanipitishia kamba kutoka kushoto, nikaipata usoni. Sikuiona. Nikadhani ni jua. Siku nyingine nikagonga ngalawa ya mtu. Nilipokwenda kupimwa, presha ya jicho ilikuwa 38. Nikaulizwa, unajua kawaida ni ngapi? Ni 10 hadi 21. Mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ulikuwa umeshaliwa pembeni. Glaukoma. Nimepewa matone ya kushusha presha, ni ya maisha. Kilichoondoka hakirudi. Natazama mbele kama mtu anayechungulia kwa bomba.

Kwa hiyo jirani ana haki na hana haki. Dawa ile haikunila macho kwa wiki nne. Ilinila kwa miezi mitano niliyojiongezea mwenyewe. Na nilipoulizwa kuhusu ukoo, kumbe babu mzaa baba alikuwa kipofu uzeeni na sisi tulisema ni uzee tu.

#10 · SistaMstaafu · Jumanne, saa mbili asubuhi

Pole sana nahodha, na shukran kwa kusema hadharani. Wenye ukoo wa glaukoma, wenye sukari na wanaovaa miwani minene kwa kuwa hawaoni mbali, presha yao hupanda upesi zaidi kwa steroidi. Karibu mtu mmoja kwa watatu hupanda kiasi, wachache hupanda sana, na huwezi kujijua mpaka upimwe. Ile ziara ya pili uliyoikosa haikuwa ya kuangalia kama jicho ni zuri. Ilikuwa ya kupima presha.

#11 · MwanaTudor · Jumanne, saa sita mchana

Mimi kinyume cha nahodha. Siku ya kumi nikaona jicho safi kama maji ya Shimoni, nikaacha yote. Siku ya kumi na tatu nilikuwa nimekaa chumbani na pazia mbili, taa ya simu ikinichoma. Daktari akasema uvimbe umerudi kwa kishindo kwa kuwa nimeacha steroidi ghafla badala ya kushuka ngazi. Nikaanza upya kila saa moja, kila saa moja, usiku na mchana siku za kwanza. Ukitaka kuchoka na matone, fanya nilivyofanya.

#12 · KakaLikoni · Jumanne, jioni

Samahani kwa kudandia. Mzee wangu alipewa chupa MOJA tu, jirani yake wa wodini alipewa tatu. Tumepunjwa?

#13 · Mfamasia_Majengo · Jumanne, saa mbili usiku

Hamkupunjwa, kaka. Ziko chupa zenye antibiotiki na steroidi pamoja, hurahisisha maisha kwa wazee. Madaktari wengine hutia dawa ndani ya jicho mwisho wa upasuaji. Na hii ya tatu, ya ukoo wa diklofenaki, wengine hutoa kwa kila mtu, wengine kwa mwenye sukari, au aliyewahi kuvimba ndani ya jicho, au ambaye upasuaji wake ulikuwa na tabu. Soma jina kwenye chupa ya mzee, utakuta majina mawili.

Kumbuka hilo la majina mawili, litarudi.

#14 · BintiKibokoni · Ijumaa ya wiki hiyo hiyo

Limerudi. Mfamasia ulikuwa umeniona?

Juzi chupa ya pili ilipotea. Tulipekua nyumba nzima. Nikakimbia duka la dawa lililo karibu, nikamweleza kijana, "Ile ya steroidi ya macho, baada ya upasuaji." Akanipa kisanduku akasema ni ile ile ila kampuni nyingine. Jana ndugu yangu mdogo akaikuta ya awali chini ya mto wa kochi. Mama, kwa kuwa ni mtu wa kutotupa kitu, anatia zote mbili. "Kama moja inaponya, mbili zitaponya zaidi." Nimekuja kujua asubuhi hii nikihesabu. Kwenye kisanduku pameandikwa deksamethasoni na tobramisini.

#15 · Mfamasia_Majengo · Ijumaa, baada ya sala

Si ile ile. Deksamethasoni ni steroidi, tobramisini ni antibiotiki. Mama kwa siku moja na nusu amekuwa akitiwa steroidi mbili na antibiotiki ambayo muda wake ulishakwisha. Usipigwe na kiwewe, kwa siku moja na nusu jicho haliharibiki. Lakini simamisha hiyo mpya, rudi kwenye prednisoloni ya kadi kwa mara zile zile za wiki hii, na mpigie simu daktari umweleze ulivyonieleza mimi, bila kuficha. Wiki hii alikuwa ameshuka mara tatu, siyo? Usilipize zilizokosekana kwa kutia zaidi.

Na kwa kila mtu anayesoma: usiende dukani na maelezo ya "ile nyeupe" au "ile ya kifuniko cha waridi". Rangi za vifuniko hubadilika kampuni ikibadilika. Nenda na chupa, au kadi, au picha ya lebo kwenye simu. Na muuzaji akikwambia ni ile ile, mwombe akusomee jina la dawa, siyo jina la kampuni. Nasema hivi nikijua wenzangu wengine watanuna.

#16 · SistaMstaafu · Ijumaa, saa kumi jioni

Mama anasoma lebo mwenyewe?

#17 · BintiKibokoni · Ijumaa, saa kumi na moja

Hasomi, jicho la pili nalo lina mtoto na hili bado halina miwani. Chupa huzijua kwa kugusa tu.

#18 · SistaMstaafu · Ijumaa, usiku

Basi vidole vyake visome. Chukua mipira ile ya kufungia pesa au mboga. Chupa ya kwanza mpira mmoja, ya pili miwili, ya tatu mitatu. Karatasi ya tarehe ibandikwe kwenye friji, kila tone likitiwa mtu atie alama, hata mtoto wa darasa la pili ataweza. Wagonjwa wangu wa Kisauni na Mtwapa waliokuwa wakiishi peke yao walifanya hivyo na hawakukosea.

Na joto, sijasema joto. Kaskazi hii chumba cha Mji wa Kale chenye dirisha moja chaweza kupita digrii 30 mchana. Soma kwenye kisanduku. Nyingi zinataka chini ya 25 au 30. Zisikae dirishani, wala kwenye tuktuk, wala mfukoni mwa buibui ukizunguka Marikiti. Mlango wa friji hufaa ikiwa lebo inaruhusu, freza kamwe. Na chupa ikifunguliwa, andika tarehe juu yake. Wiki nne zikipita hutupwa, hata kama nusu imebaki.

#19 · Ummu_Salma · Jumamosi, asubuhi

Na ni wakati gani mtu anatoka nyumbani bila kungoja tarehe ya kliniki? Baba ni mvumilivu kupita kiasi, alikaa na kidole kilichovunjika siku tatu.

#20 · SistaMstaafu · Jumamosi, saa tano

Mvumilivu ndiye mgonjwa ninayemwogopa.

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Kuona kunakopungua baada ya kuwa kumekuwa kuzuri. Wekundu unaoongezeka, kope kuvimba, usaha. Lolote katika hayo, hasa wiki ya kwanza, huenda ni vijidudu vimeingia ndani ya jicho, na hapo huhesabu siku, unahesabu saa. Steroidi zinaweza kuficha wekundu kidogo, kwa hiyo usingoje jicho liwe nyanya ndipo uamini. Vilevile akiona radi za mwanga pembeni, au vidoa vyeusi vingi vya ghafla vikielea, au pazia linashuka: hiyo ni retina, siku hiyo hiyo.

Aende alikopasuliwa. Kama ni usiku na kumefungwa, aende hospitali yoyote kubwa yenye daktari wa macho, Hospitali Kuu ya Pwani ipo. Usiniambie feri ilikuwa na foleni. Na asitie antibiotiki iliyobaki ya mtu mwingine akangoja kuche.

#21 · KakaLikoni · Jumamosi, mchana

Na kuogelea? Mzee ni mtu wa pwani, kila alfajiri yumo baharini.

#22 · SistaMstaafu · Jumamosi, mchana

Mwezi mmoja hivi aitazame tu, mpaka daktari amruhusu. Kuoga aoge, kichwa akilaze nyuma, maji na sabuni visipite usoni. Usiku avae ile ngao ya plastiki, mtu husugua jicho usingizini bila kujua.

#23 · BintiKibokoni · Wiki mbili na nusu baadaye, Jumatano usiku

Nimerudi na habari kwa wale walioniuliza.

Leo tumemaliza wiki ya nne, tukaenda kliniki. Nilimweleza daktari habari ya chupa mbili mbele ya mama, mama akanikanyaga mguu. Daktari hakugomba, kasema heri tulisema. Presha ya jicho ni 18. Ameangalia kioo cha mbele cha jicho kwa mashine, kasema ketorolaki ikitumika muda mrefu kwa mwenye sukari au macho makavu yaweza kukila kioo hicho, ndiyo maana anakichungulia kila mara. Kiko salama. Akampiga picha ya retina, hakuna maji. Prednisoloni imekwisha. Ketorolaki kaongeza wiki mbili kwa sababu ya sukari, lakini kwa chupa mpya na tarehe ya kurudi kaiandika kwa wino mwekundu. Nimeuliza kama naweza kuendelea nayo nikiona yafaa. Kaniangalia tu.

Kuchoma bado kupo. Mama ameamua kuhesabu kwa sauti mpaka thelathini kila akitiwa, na akifika ishirini na kitu huwa kumetulia. Haendi tena uani.

Nahodha, nimemsomea mama uzi wako wote. Kanyamaza, kisha kauliza mashua unaendesha na nani sasa.

#24 · Nahodha_Mtongwe · Alhamisi, alfajiri

Na mwanangu. Yeye ndiye jicho la kushoto. Msalimie mama.

#25 · BintiKibokoni · Alhamisi, asubuhi

Salamu zimefika. Swali la mwisho Sista: jicho la kushoto kapangiwa mwezi ujao. Prednisoloni imebaki kama robo chupa na ile ya majina mawili karibu imejaa. Mama kaficha zote mbili kwenye kabati la vyombo, yuwasema ni pesa. Mipira ya chupa ya kwanza na ya pili kashaichukua kufungia mifuko ya hiliki.

#26 · SistaMstaafu · Alhamisi, saa mbili asubuhi

Hiliki aachiwe. Chupa zitoe kabatini leo akienda msibani au sokoni, zirudishe duka la dawa zikatupwe huko. Jicho la kushoto lifungue zake.